Kitanda cha Chumba cha Mwisho

Nyie mabinti mnaoanza kazi ya kufua kwenye mahoteli ya huku kwetu, kila mkinipitia hapa kijijini Qurus mnaniuliza swali lilelile: "Bibi, mashine ipi nzuri?" Mashine zote nzuri umeme ukiwepo. Niulizeni kitu cha maana. Niulizeni shuka linakaushwa vipi mahali ambapo jua ni kama mgeni mwenye cheo, linachelewa kufika na linawahi kuondoka.

Mimi nimefua mashuka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro tangu sina mvi hata moja mpaka kichwa kikawa kama pamba. Shule niliishia la nne. Baba alisema ng'ombe hawasomi na wanashiba. Sawa. Lakini kitanda nakisoma, na nimewasomesha wajukuu kwa mikono hii iliyochubuliwa na sabuni, mmoja sasa ni nesi. Kwa hiyo nikizungumza kuhusu kazi, kaeni chini.

Aliyenifundisha ni Mzee Shabani, Mwislamu wa Karatu mjini, dobi wa zamani aliyefua kwa mkono kabla hoteli haijaleta mashine. Alikuwa hagusi shuka kwa vidole kujua kama limekauka. Alisema kidole cha dobi kimeshakufa, hakijui maji wala moto. Shuka liweke shavuni. Shavu likisikia baridi, hata kidogo, rudisha kambani. "Ukilikunja bichi," aliniambia, "mgeni atalala na chura."

Mwezi wangu wa kwanza nililoweka lubega nyekundu ya mlinzi mmoja Mmaasai, mpya kabisa ya mnadani, pamoja na mashuka ya wageni. Nilimwonea huruma mlinzi. Mashuka yote yakatoka na wekundu ule wa waridi. Mimi nalia, Mzee Shabani anayatazama kambani, mikono nyuma. "Mashaallah," akasema. "Leo hoteli nzima maharusi." Tukayachemsha na dawa ya madoa mpaka pua zikawaka.

Siku nyingine nyati alipita kwenye kamba zetu mchana kweupe, akaondoka na shuka kwenye pembe, akateremka nalo msituni kama bibi arusi aliyekimbia kanisa. Hatukumfuata. Ufuaji una mipaka yake.

Lakini fundisho kubwa la Mzee Shabani lilikuwa hili: usiloweke kabla hujasoma. Kila shuka litandaze kwanza mwangani, ulitazame, ulinuse. Jasho la homa linanuka tofauti na jasho la kupanda mlima. Mvinyo unataka chumvi, damu inataka maji baridi, ukiipa moto umeipikia humo. Na mtu aliyelia usiku kucha, foronya yake ukingoni inakakamaa kama imepakwa uji. Ukiisoma utajua dawa gani. Mengine utakayoyasoma, funga mdomo.

Sasa nataka kuwaambia kuhusu ile Krismasi wageni walipokatika.

Mnaikumbuka, wengine mlikuwa wadogo. Ugonjwa ulifunga dunia, ndege hazikuja, magari ya watalii yakalala Karatu na matairi yakaota majani. Pale hotelini wafanyakazi walirudishwa makwao. Meneja alishuka Arusha na familia yake. Tulibaki wawili: mimi wa kutunza nguo, na Saning'o, mlinzi, Mmaasai wa Nainokanoka, mrefu kama mlingoti, anayeniita Yeyo, yaani mama.

Mtaniuliza, hoteli tupu unafua nini? Ndiyo mjue hamjafanya kazi kule juu. Ukungu unaingia ndani. Unapita chini ya mlango, unalala kitandani kama mtu aliyelipa. Shuka ukiliacha bila kuligusa, linaota madoa meusi na kunuka kama kaburi la panya. Kwa hiyo nilizunguka, chumba baada ya chumba, navua, nafua, naanika, narudisha. Vyumba vingi hivyo, vitanda vimetandikwa, taulo zimekunjwa, hakuna mtu. Unasikia viatu vyako tu. Ukisimama, unasikia kama kuna vingine navyo vimesimama.

Nilikuwa na uchungu wangu pia. Mume wangu tulimzika wakati wa mavuno ya mwaka ule, na watoto hawakuwa na nauli ya kuja sikukuu. Nilikuwa nasali Rozari naishia katikati. Nilimwambia Mungu wazi: mwaka huu usinitegemee kwa furaha.

Wiki ya kuelekea Krismasi, asubuhi moja, niliingia chumba cha mwisho, kile kilicho peke yake kwenye kona inayotazama kreta. Watu walikuwa hawakipendi. Kulikuwa na maneno kwamba zamani mzee mmoja Mzungu alilala pale na hakuamka. Mimi maneno hayo nilikuwa nayapuuza. Nikafunua blanketi nivue shuka.

Kitanda kilikuwa cha moto.

Si moto wa jua, jua halikuwepo. Moto wa mwili. Nikaweka shavu, kama nilivyofundishwa. Katikati moto, pembeni baridi. Mtu alikuwa ameinuka pale si muda mrefu, kisha akatandika vizuri, pembe zimekunjwa sawasawa. Nikaita, "Hodi? Nani yumo?" Bafuni kimya. Kabatini kimya. Dirishani ukungu umejibandika kama unatazama ndani.

Nilitoka haraka kuliko umri wangu. Nikamkuta Saning'o getini.

"Wewe, umelala chumba cha mwisho?"

"Yeyo, mimi? Kile kitanda ni laini, nitavunjika mgongo."

"Basi kuna mtu."

Tukarudi naye, akainama akaangalia udongo kuzunguka nyumba yote. Saning'o anasoma nyayo kama ninavyosoma mashuka. Akainuka, uso umebadilika.

"Kuna digidigi. Kuna nyati wa jana. Mtu hakuna."

"Angalia tena."

"Yeyo, simba namjua, nyati namjua. Mtu asiye na nyayo simjui, na sitaki tujuane."

Akarudi getini, na kuanzia hapo akawa anapita mbali na kona ile, anajifanya anakagua uzio.

Siku ya pili kitanda kimelaliwa tena. Siku ile nilianika mashuka nyuma ya chumba cha kufulia, kamba nyingi, ukungu umeshuka mpaka sioni vibanio nilivyoshika. Mashuka meupe ndani ya weupe. Hapo nikasikia kuimba. Sauti ya mwanamke, chini kabisa, wimbo wa kubembeleza mtoto wa kwetu, wa Kiiraqw, ule ambao kila mama anaujua na hakuna anayejua ulitoka wapi. Ilikuwa mbele yangu, halafu nyuma. Nikashika shuka kujizuia.

Na shuka likashikwa upande wa pili.

Naapa kwa Krismasi. Kiganja kilijichora kwenye kitambaa, vidole vyote vimetanuka, sawa na kifua changu, kikakandamiza polepole kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kikatulia. Kikaondoka. Pakabaki unyevu wenye umbo la mkono.

"Saning'o!" nikapiga kelele. "Acha mchezo wa kijinga!"

Akanijibu kutoka getini, mbali kule, "Unasemaje, Yeyo?"

Nilisali sala zote nilizojua na mbili nilizozitunga palepale.

Kesho yake nilitaka kushuka nyumbani. Saning'o akasema lori lililopeleka mahindi Nainokanoka litarudi tupu mkesha wa Krismasi, ningoje. Basi nikasema, nitavua shuka la chumba kile mara moja, kwa kukimbia, nilipeleke kwenye maji ya moto, lolote lililomo life. Nikalivuta, nikatoka. Nimefika kwenye beseni, mkono tayari umelishusha, nikamkumbuka Mzee Shabani. Usiloweke kabla hujasoma.

Nikalitandaza kwenye meza ya pasi.

Foronya kwanza: ukingo umekakamaa. Machozi, mengi, ya usiku zaidi ya mmoja. Halafu shuka, usawa wa kifua: madoa mawili ya duara, makubwa, manjano kidogo, yamekauka yakawa magumu. Nikainama, nikanusa. Utamu ulioanza kuchacha. Nikakaa juu ya ndoo.

Maziwa. Maziwa ya mama.

Mabinti, mzimu hautoi maziwa. Huyu alikuwa mwanamke aliyezaa juzijuzi. Na chumbani hapakuwa na mtoto, wala nepi, wala harufu ya mtoto. Maziwa yanakuja, mnyonyaji hayupo. Na zile pembe za shuka zilizokunjwa sawasawa, ndipo nilipozielewa: ni mkunjo wa wasafisha vyumba wa hoteli yetu. Alikuwa mtu wa humuhumu, anayejua kupita juu ya saruji ya varanda bila kukanyaga udongo.

Sikumwambia Saning'o. Nilichemsha maji, nikakamua taulo mbili za moto, nikazifunga kwenye plastiki, nikaenda chumba cha mwisho. Sikuuliza "nani wewe". Nikasimama nje ya mlango wa bafu, uliokuwa umefungwa kwa ndani, nikasema kwa Kiiraqw, kama ninaongea na binti yangu, kwamba nimeleta taulo za moto, na maziwa yakiendelea kukaa hivyo yatampandishia homa.

Komeo likafunguka.

Alikuwa Modesta. Nilimjua, alisafisha vyumba pale kabla ya kwenda kujifungua, binti mcheshi aliyekuwa akiniibia maandazi. Mcheshi hakuwepo tena. Kifua kimejaa mpaka kimeng'aa, macho yameingia ndani, midomo imepasuka. Akasema neno moja tu, "Aayo." Mama.

Nikamkalisha, nikamwekea taulo kifuani, nikamkamua taratibu. Alilia kwa maumivu, kisha akalia kwa yale mengine. Nikampa uji. Akazungumza huku anatazama ukutani.

Mtoto wake wa kiume hakufikisha wiki. Mumewe alikuwa Mererani anahangaika migodini, simu haipatikani. Na mama mkwe akamweka metimani.

Wengi wenu neno hili mnalisikia kwa mbali, niwaeleze. Wazee wetu Wairaqw waliogopa kwamba kifo cha mtoto mchanga kinamng'ang'ania mama yake, na kupitia kwake kinaweza kuvuka kwenda kwa majirani, kwa mifugo, kwa mimba za wengine. Kwa hiyo mama anatengwa. Haendi kisimani kwa wote, hasalimiwi kwa mkono, ana sahani yake na kikombe chake, sufuria ya nyumba haigusi, mpaka muda upite. Siwacheki wazee. Walizika watoto wengi, walitafuta mahali pa kuiwekea hofu yao. Makanisa yamekemea miaka na miaka, na watu tukiulizwa tunasema, "Aa, hayo yameisha." Hayajaisha. Yamehama tu, kutoka midomoni yakaingia kabatini.

"Hawanitukani," Modesta akasema. "Wananizunguka tu wakipita. Kama shimo la njiani."

Alikuwa bado na ufunguo wa hoteli. Akapanda na lori hilohilo la mahindi, akaingia gizani Saning'o asimwone, akajificha kwenye vitanda alivyovijua.

"Mle kwenye mashuka ulikuwa wewe?"

"Nilisikia harufu ya sabuni yako. Nikataka kugusa mtu. Nikaogopa nitakuambukiza."

Halafu akaniambia kilichonitia baridi kuliko mkono ule. Kila alfajiri alikuwa anafungua mlango wa varanda ili aingie kwenye ukungu, aende tu, chini, kwa nyati, asirudi. "Kila nikishika kitasa, Aayo, nasikia unaimba. Nasema, acha nisikilize mpaka amalize. Unapomaliza kumeshakucha."

Nikamtazama. "Mimi nakuimbia nini?"

"Wimbo wa watoto. Si wewe?"

Mabinti, mimi siimbi. Kwaya ya kigango ilinitoa kwa ombi la kwaya nzima. Na alfajiri nilikuwa nimelala upande wa pili wa hoteli, milango miwili imefungwa. Nami sauti ile niliisikia kambani, na nilipomwona nikadhani ilikuwa yake, lakini yeye akaapa hajaimba tangu azike mtoto. Nje ukungu ulikuwa umesimama dirishani, mweupe, hausogei. Sikuusogelea kutazama. Mpaka leo sijui, na aliyenitaka nijue angeniambia. Ninachojua ni kwamba binti yule alikuwa hai.

Akaniuliza, "Hata Mungu naye amenitenga?"

Mimi si katekista. Nilimjibu kwa ninachokijua. Nikamwambia: Maria naye alijifungulia pembeni, kwa mifugo, nyumba za watu zimefungwa. Tunasoma kila mwaka kwamba alimviringisha mtoto nguo. Nani alizifua zile nguo? Mwanamke amezaa kwenye zizi, kuna damu, kuna maji, hawezi kuinama. Lazima kuna mtu aliingia, akabeba beseni, akashika uchafu wake kwa mikono miwili bila kuuliza kitambaa kinatoka ukoo gani. Hakuandikwa, hakuimbiwa. Lakini Mungu alikuja duniani akiwa mtoto anayechafua nguo, Modesta, kwa hiyo hatuogopi. Leo mfuaji ni mimi. Kesho kutwa Krismasi; kesho lori likirudi tunashuka wote.

"Watanizunguka."

"Watatuzunguka wawili. Ni shimo kubwa hilo, watachoka."

Akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko kibovu, kama mlango wenye kutu, lakini kilifunguka.

Saning'o alipotuona tunatoka wawili mkesha wa Krismasi alishika fimbo yake kwa mikono yote. Kisha akamtambua. "Modesta! Kumbe ni wewe! Nimepoteza kilo nzima kwa ajili yako!" Akavua lubega yake ya juu akamfunika, kwa kuwa lori lilikuwa wazi na mvua imeanza kunyunya. Nilimwambia sitaifua.

Asubuhi ya Krismasi kanisani benchi likawa letu wawili. Waliokaa mwisho walisogea, wakasimama nyuma, wakajifanya wanataka hewa. Wanaimba kwamba furaha imekuja kwa watu wote huku macho yanatupita. Modesta alinishika kidole kimoja misa nzima, kama mtoto anayevuka barabara. Niliogopa. Niliona anautazama mlango, na nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka Qurus, jambo lisilo la kawaida, umefunika hadi mihindi. Nikajua: akirudi kwenye kikombe kile cha kutengwa, alfajiri moja atafungua mlango, na safari hiyo huenda pasiwe na wimbo.

Basi sikumwacha njiani. Nilimpeleka hadi kwa mama mkwe wake, Mama Gabrieli, mwanamke mkavu, mtu wa kanisa, wa rika langu. Alitukaribisha kwa mdomo tu, bila mkono. Modesta akakaa nje, kwenye kigoda kilichowekwa kando ya ukuta, mahali pake. Ndani kulikuwa na pilau, chai ya maziwa, ndugu wachache. Na kwenye msumari wake peke yake mlangoni, kikombe cha bati kilichobanduka rangi.

Mama Gabrieli akanimiminia chai kwenye kikombe cha udongo, cha maua.

"Nipe kwa kile," nikasema, nikaonyesha msumarini.

Mtu aliacha kutafuna.

"Kile si cha wageni, mama."

"Mimi si mgeni. Mimi nafua vya watu. Nipe."

"Unajua ni cha nini. Wewe ni mtu mzima. Una wajukuu!"

"Ninao, na nawapenda, na nitarudi kwao leo. Nipe."

Hakuna aliyeinuka. Nikaenda mwenyewe, nikakiangua, nikakiweka mezani katikati ya pilau yao, nikamimina. Damu ya mababu ilikuwa inanipigia kelele masikioni. Nikanywa. Nikanywa tena, kwa sauti, kama ninavyokunywa chai nyumbani kwangu. Nje, kupitia mlangoni, Modesta alikuwa amesimama, ukungu mgongoni kwake.

Nikamsukumia Mama Gabrieli kikombe. Nilishasema mengi.

Alikitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaongea kwa sauti ambayo hata watoto wake walikuwa hawajawahi kuisikia, niliona kwa nyuso zao.

"Mimi wangu walikuwa wawili," akasema. "Kabla ya Gabrieli. Mapacha. Nilikaa kwenye kibanda cha mbuzi msimu mzima wa mvua. Mama yangu mzazi alikuwa ananiachia chakula kwenye jiwe, anaondoka kabla sijatoka." Akapangusa meza mahali palipokuwa pasafi. "Hakuna aliyekuja. Nilidhani ndivyo mtu anavyomlinda mwenzake."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa mpaka chini. Akakaa nacho mapajani, mashavu yamelowa, hajipangusi. Halafu akageukia mlangoni, na sauti yake ikawa ileile kavu ya siku zote, sauti ya mama mkwe yeyote wa Qurus.

"Modesta! Umesimama hapo unaingiza baridi. Chai imepoa. Njoo uinjike sufuria."

Modesta akavuka kizingiti. Akapita katikati ya watu, na mmoja akasogeza miguu ampishe, mwingine akamgusa begani. Akaingia jikoni, na tukasikia mfuniko wa sufuria ya nyumba ukifunuliwa.